Gumzo la ukoo wiki ya Idi: kofia ya Baba na paka Tangawizi

*Jumanne*

Dada Mwalimu: Asalam alaykum jamani wote. Skuli tumeshafunga, nipo kwa Bibi Kikwajuni toka jana, nimekuja na kofia ya Baba niimalizie huku maana kwangu hapashoneki. Ubavu nshamaliza wote, vilobaki ni viua vya juu safu mbili halafu kuunganisha. (picha)

Mamdogo Chake: Waalaykum salaam. Maashaallah mwanangu mikono hiyo!! Na huyo alokaa juu ya kitambaa nani

Dada Mwalimu: Tangawizi huyo mamdogo, paka wa Bibi. Nikikunjua kitambaa tu kashafika, anakanyagakanyaga kwanza na vile vidole vyake halafu anajikunja anaanza krrrr krrrr mpaka dirisha linasikia. Namhamishia mapajani tunaendelea

Kaka Dar: Nakshi hiyo naijua mie. Si ya kofia ya Babu?

Dada Mwalimu: Ndo yenyewe kaka. Bibi aliitoa kwenye kasha mwezi wa Rajab nikaweka karatasi juu nikaifuata ua kwa ua kwa penseli. Kitambaa cha ndani kimechakaa lakini viua vyote vizima, miaka yote ile kuvaliwa na kufuliwa hakijafumuka hata kimoja, ndo maana nikasema mie nashona hii hii siendi kutafuta nyengine

Bibi (simu ya Mama): Marehemu akishona barazani baada ya alasiri na wenziwe. wanaume watupu. kila mtu na kofia yake na bilauri ya kahawa. mie nikimchorea yeye akishona

Kaka Dar: Bibi hili hukuwahi kutwambia!!

Bibi (simu ya Mama): hamjauliza

Binti wa Mamdogo: Dada na mie nataka kujua kushona viua, mbona nikitoboa kitambaa kinachanika nyuzi zinatoka

Dada Mwalimu: Umekata na mkasi ee? Usikate mdogo wangu. Chukua sindano nene, mie natumia shazia ya Bibi ile ya kushonea mikeka, unaichomeka polepole unaizungusha ili nyuzi za kitambaa zisogee pembeni zisikatike, ukishapata tundu ndo unapita na sindano nyembamba unazungushia uzi ukingoni, unatoka tunduni unarudi tunduni, kila mshono ukae ubavuni mwa mwenziwe pasiwe na mwanya, na kila ukimaliza mmoja vuta sawasawa usikaze sana kitambaa kikakunjamana. Uzi usiwe mrefu kuliko mkono wako maana unasokotana. Na kabla hujaanza upitishe kwenye nta, unateleza wenyewe

Binti wa Mamdogo: Kwani matundu yote yale ya nini si tungechora maua tu

Bibi (simu ya Mama): kichwa kipate upepo mjukuu wangu. kofia ina kitambaa mara mbili na jua letu hili unalijua

Mamdogo Chake: Mwalimu nakwambia kitu kimoja na nakusihi, sindano yenye uzi usiiache wazi na huyo paka yupo. Jirani yangu paka wake alimeza uzi, wallahi tulihangaika. Uzi ukishuka tumboni unakunja utumbo kama mkoba wa kamba. Na ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma USIUVUTE, mpeleke kwa daktari wa mifugo hapo hapo

Dada Mwalimu: Ahsante mamdogo. Nna kopo la biskuti lenye kifuniko, uzi na sindano vyote mle, hata nikenda kusali nafunika kwanza

*Jumatano*

Mama: Leo vileja na visheti. Nani yupo mjini aje asaidie

Dada Mwalimu: Tupo Mama. Bibi keshachekecha unga wa mchele, samli imeyeyuka, hiliki natwanga mie. Nyumba nzima inanukia na tumefunga 😭

Shangazi Lamu: Nitumieni picha za vileja nami niwatumie za paka wa hapa mlangoni. (picha) Hao wanasubiri wavuvi. Wa huku wembamba miguu mirefu masikio makubwa, sio kama huyo wenu kajaa kama mto wa kochi

Binti wa Mamdogo: Huyo wa rangi tatu mzuri!!! Dume au jike shangazi

Shangazi Lamu: Jike huyo. Wa rangi tatu karibu wote majike, dume wa hivo ni nadra mno. Na wa rangi ya tangawizi wengi wao madume, muulize Bibi

Bibi (simu ya Mama): dume

Mama: Mie namwambia Bibi kila siku asimwache alale kwenye mswala

Bibi (simu ya Mama): Paka si najisi. Mtume s.a.w. kasema ni katika wanaotuzungukia. na Abu Huraira jina lake lilitokana na paka wake. mwache alale mie nikisujudu ananisogelea tunakaa vizuri

Mamdogo Chake: Bibi kamaliza mazungumzo ❤️

Dada Mwalimu: Nimeshona usiku baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Mtaa umetulia, Bibi anavuta tasbihi kitandani, Tangawizi kalala kichwa juu ya mguu wangu. Nilipofika kwenye lile ua la katikati la Babu nikaona pale pana mshono mmoja yeye aliupeleka upande wa pili tofauti na mengine yote. Nimemuonesha Bibi, akaupitisha kidole akasema hapo aliitwa kula. Na mie nimeuweka vile vile upande ule ule

Kaka Dar: Dada umeniliza

*Alhamisi*

Kaka Dar: Jamani mwezi? Nna tiketi ya boti ya kesho asubuhi, nataka kujua nakuja kula au nakuja kufunga

Mjomba Maskati: Huku wametangaza, kesho Idi. Idi Mubarak kwenu nyote in advansi

Mama: Hongereni. Sie tunasubiri Mufti, redio ipo wazi

Mamdogo Chake: Huku Pemba wingu tupu

Mama: Haukuandama. Tunakamilisha 30. Idi Jumamosi inshaallah

Dada Mwalimu: Alhamdulillah jamani alhamdulillah!!! Nimepata siku nzima. Nlikuwa nawaza naunganishaje usiku huu kwa taa

Kaka Dar: Basi nakuja kufunga nanyi. Nimekununulia uzi mweupe Kariakoo na huo wa rangi ya dhahabu ulotaka

Dada Mwalimu: Ahsante kaka. Huo wa dhahabu kabla sijaugusa kwenye kofia yoyote nauroweka kwanza naukandamiza kwenye kitambaa cheupe nione kama unatoa rangi. Ya Baba ni nyeupe tupu kama ya Babu

*Ijumaa*

Dada Mwalimu: IMEKWISHA. Nimeunganisha juu na ubavu, nimefua kwa sabuni na maji baridi penseli imetoka yote, Bibi kaitia kanji kwa mkono wake, sasa imevishwa kwenye bakuli juu ya meza inakauka na feni. (picha)

Binti wa Mamdogo: Na Tangawizi je

Dada Mwalimu: Yupo chini ya meza analinda. Kaka kafika na dagaa wa kuchemsha bila chumvi, wapo wanaelewana

Mamdogo Chake: Kesho msimpe pilau. Vitunguu na thomu ni sumu kwa paka hata kidogo. Mchemshieni kuku wake pembeni kabla hamjatia viungo

*Jumamosi*

Mama: Idi Mubarak wanangu, wajukuu, ndugu zangu wote. Mungu atukutanishe tena mwakani tukiwa wazima

Mjomba Maskati: Amin. Nangoja picha ya kofia toka alfajiri

Baba: (picha) Nilikuwa nimeshavaa kanzu natafuta kofia yangu ya zamani, Mwalimu akaja nayo mikono miwili akanivisha mwenyewe. Nikenda kwenye kioo nikamwona Babu yenu. Sina la kuongeza. Mungu ampe kila la kheri

Shangazi Lamu: Kaka wallahi umefanana naye. Nimeitazama hii picha mara ngapi sijui

Kaka Dar: Msikitini wazee wawili walimsimamisha Baba wanaitazama kwa karibu, mmoja akauliza fundi nani, Baba akasema fundi binti yangu, alisema kwa sauti hiyo safu tatu nzima zikageuka

Bibi (simu ya Mama): Mwalimu kanitania asubuhi eti Bibi unalia. nikamwambia nalia ndio

Binti wa Mamdogo: Sie tushapita nyumba zote, mkono wa Idi nimejaza pochi, jioni uwanja wa sikukuu Tibirinzi. Nimevaa gauni jipya na kanzu ya mdogo wangu nimeitarizi mie ukosini viua vitano!! (picha)

Dada Mwalimu: Mdogo wangu hivyo vizuri kweli, hicho cha tatu na cha nne hata mie nisingevishona hivyo. Endelea hivyo hivyo

Kaka Dar: Sie watoto tumewapeleka Kariakoo ya hapa Unguja, wamepanda pembea, wamekula ubuyu mpaka midomo myekundu, wanataka kurudi tena kesho

*Jumapili, sikukuu pili*

Mama: Leo kila mtu kalala. Bibi barazani, Mwalimu pembeni yake kashaanza kukata kitambaa chengine, paka katikati yao kalala chali. Visheti vimebaki robo ndoo njooni

Mjomba Maskati: Chengine cha nani hicho

Dada Mwalimu: Cha anayeomba mapema mjomba

Mjomba Maskati: Basi mie ndo nimeomba. Madukani huku za mashine zimejaa, nataka ya nakshi ya Babu. Uzi upi unafaa nikuletee mwezi ujao

Dada Mwalimu: Mweupe wa pamba usiokuwa na kung'aa, na kipande cha nta kama utaipata. Kwanza nipimie kichwa mjomba, futi juu ya masikio izunguke mpaka nyuma, usikaze

Mjomba Maskati: Sentimita 57. Kapima mke wangu, nimerudia mwenyewe ni 57