Wakuu, nimepata filamu baada ya miaka sita ya uanamitindo. Niende au nibaki?

Wa_Jukwaani: Habari wakuu. Nina miaka 26, mwanamitindo kwa miaka sita sasa. Majuzi nilifanya usaili wa filamu, nikapewa mhusika mkuu. Tangu nipigiwe simu silali. Siku ile mwongozaji alinisimamisha mara nne kwa sababu macho yangu yanakimbilia lenzi. Miaka yote nimefundishwa kuitafuta, leo naambiwa nijifanye haipo. Mikono ilitetemeka hadi karatasi ya maneno ikawa inasikika. Mtu wa picha anaweza kweli kuwa muigizaji?

Mzee wa Sinema: Dada, kutetemeka si ugonjwa. Lauren Bacall, yule muigizaji wa Marekani, alikuwa kwenye jalada la jarida la mitindo la Harper's Bazaar mwaka 1943, mwaka uliofuata akawa anarekodi sinema, ana miaka 19. Alitetemeka mno, akawa anabana kidevu karibu na kifua ili kichwa kitulie, kisha anainua macho. Watu wakalipenda jicho lile maisha yake yote, kumbe ni woga! Cameron Diaz naye alianza uanamitindo na miaka 16, na filamu yake ya kwanza kabisa, 1994, alipewa nafasi kubwa.

Mama Wawili: Mdogo wangu, nilipita huko. Maneno yangu nilitamka vizuri, ila mwenzangu akiongea mimi nimeganda kama nasubiri flashi. Mwalimu akanifunga kitambaa machoni nimsikilize tu. Wiki tatu hivyo. Nilipofunguliwa uso ulikuwa unafanya kazi wenyewe. Basi nikapata ujauzito, na mume niliyekuwa naye wakati huo hakutaka kusikia habari za kamera. Hadi leo linaniuma.

Baba Nidhamu: Mabinti wa siku hizi mnakimbilia umaarufu. Tafuta kwanza kazi ya kueleweka.

Wakili Mkimya: Mleta uzi, hujasema kinachokuzuia. Una mkataba gani na wakala wako?

Wa_Jukwaani: Upo, wa kawaida tu.

Wakili Mkimya: Huo wa kawaida unasemaje kuhusu mwonekano?

Wa_Jukwaani: Haya. Mhusika ananyolewa upara mbele ya kamera. Na mimi ndiye niliye kwenye tangazo la mafuta ya nywele, imebaki miezi saba. Siruhusiwi kukata wala kubadili rangi bila idhini ya maandishi. Malipo ya awali nimeshatumia. Na filamu nimeshasaini. Lakini jamani, nywele si zimeota kichwani kwangu? Mawigi yapo. Wakala nilimwambia naumwa, nikaenda mazoezini.

Kicheko Bure: Mafuta ya nywele na upara! Labda wakutumie kwenye tangazo la sabuni 😂

Nisomeeni: Charlize Theron naye alikuwa mwanamitindo. Akaongeza uzito, wakampaka hadi hatambuliki, akachukua Oscar mwaka 2004. Nyoa dada!

Mtazamaji: Wakuu, hii chai. Mwanzo "niende au nibaki", sasa ameshasaini. Tena amejiunga leo. Huyu ana mswada anatafuta maoni ya bure.

Mzee wa Sinema: Hata mimi nimeanza kushtuka. Nimemwandikia kwa moyo wote.

Mama Wawili: Si chai. Hayo ya macho kukimbilia lenzi hayatungwi na mtu ambaye hajasimama pale.

Mtazamaji: Au kasimuliwa na aliyesimama pale.

Wa_Jukwaani: Nimejiunga leo kwa sababu jina langu la zamani wenzangu kazini wanalijua. Kusaini nilificha kwa aibu. Muamini msiamini, kunyolewa kumepangwa siku ya pili ya kurekodi.

Wakili Mkimya: Hapo ndipo pa kushika. Filamu hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Omba siku ya kunyoa isogezwe mwisho kabisa, au wakuvalishe upara wa bandia. Wigi halitakuokoa, mkataba unazungumzia nywele zako. Ila wakala aujue ukweli leo, kutoka kwako, kwa maandishi. Akiupata kwa watu watakudai fedha, na kazi nyingine hutapewa.

Wa_Jukwaani: Nimeandika nikafuta mara tano.

Mama Wawili: Tuma, mdogo wangu.

Wa_Jukwaani: Nimetuma. Tiki mbili. Anaandika.