Chumba Tunguu au nikae Fuoni? Naanza chuo, natoka Pemba

mtoto_wa_wete:
Assalaam alaykum wenzangu. Mie natoka Wete, nimepata nafasi SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na masomo yangu yako Tunguu, sasa nnatafuta chumba na Unguja sina wa kufikia ila ami yangu alieko Bububu na huko nikikaa itabidi nipande gari mbili kwenda na mbili kurudi kila siku. Kuna dalali kanitumia picha za chumba Tunguu, elfu 80 kwa mwezi, tailizi, choo ndani, mwenye nyumba anataka miezi 6 mbele yaani laki 4 na elfu 80, na dalali mwenyewe anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Ananambia nitume leo leo kwa simu maana kuna mwengine anakitaka. Pesa hizi ni za karafuu za mama, karafuu kaziuza kituoni juzi tu, na ndo zote tulizonazo. Nitume au bora Fuoni niwe napanda gari?

binti_tunguu:
Waalaykum salaam. Usitume mdogo wangu, hata shilingi moja usitume kwa picha!! Mie mwaka wa kwanza nililipa hivyo hivyo. Chumba kilikuwepo kweli na tailizi zinang'ara, lakini mfereji ulikuwa mmoja tu uwani na maji yanakuja saa nane za usiku, kwanza unasikia hewa inapuliza fyuuu ndo yanaanza kuchuruzika kidogo kidogo, na sisi tuko wasichana watano na mapipa mawili, tunakinga kwa zamu mpaka alfajiri na asubuhi mtu ana mtihani. Kisima hakuna, tangi hakuna. Ukifika fungua mfereji kwa mkono wako, halafu gonga mlango wa jirani umuulize maji ya ZAWA, mamlaka ya maji, yanatoka siku gani, jirani hana sababu ya kukudanganya.

kaka_fuoni:
Naunga mkono. Fuoni si pabaya, soko la Mwanakwerekwe karibu na gari za Tunguu zinapita hapa hapa, lakini ujue asubuhi zinatoka Kwerekwe zishajaa, ukiwa na kipindi cha saa mbili toka mapema. Jengine ni mabonde. Huku kuna nyumba masika zinaingia maji, ukikodi wakati wa jua hutojua, kwahiyo tazama ukuta kwa chini nyuma ya mlango na nyuma ya kabati, rangi wanapiga upya lakini nyuma ya kabati hawafiki, ukiona mstari wa udongo umekwenda sawasawa mpaka gotini ondoka.
Na umeme uliza mita ya tukuza, hii ya kulipia kabla, ni ya nani. Nimeshakaa nyumba vyumba vinne mita moja, mmoja ana friji anauza barafu na pesa ya umeme tunachanga sawa sawa, kila wiki ugomvi.

bi_mkubwa:
Mwanangu mie nna vyumba vya kukodisha, wanafunzi nnawapokea miaka mingi. Miezi 6 wengi ndo tunavyotaka lakini ukija na mzee wako mkazungumza vizuri, miezi 3 inapatikana, sisi pia tuna watoto wako skuli. Mkataba uandikwe, hata karatasi ya daftari, na risiti uchukue. Halafu nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ukajitambulishe na kitambulisho chako. Mie mpangaji wangu siku anayoingia ndo siku nnayompeleka kwa sheha, mwenye nyumba akikukataza kwenda huko basi pana jambo.

mtoto_wa_wete:
Shukran sana, Allah awalipe. Nilimwambia dalali Jumamosi navuka na meli nije nione mwenyewe, akanambia kishachukuliwa. Leo asubuhi nimekiona chumba kile kile na picha zile zile kwenye grupu jengine. Mama kashukuru sana nilipomsomea majibu yenu. Nitafikia kwa ami, atanisindikiza Tunguu na Fuoni zote mbili. Bi mkubwa, vyumba vyako viko wapi?

bi_mkubwa:
Tunguu, ndani kidogo ya barabara. Vyote vina watu ila kimoja kinatoka mwisho wa mwezi, cha elfu 70, kisima kipo. Njoo na ami yako mkitazame, mfereji mtaufungua wenyewe.

binti_tunguu:
Na pipa la maji njoo nalo kutoka Wete, huku ukisubiri chuo kifunguliwe ndo ununue utalipata ghali.