Ulinganisho: Massey 35 la Ismani, katrekta ka bustani ka Marekani, au pawatila ya Mbarali? (kwa anayeanza kufufua matrekta ya zamani)

Baba Upendo, Mafinga

Wakuu, kamwene. Nimestaafu na mikono inawasha. Nataka kuanza kukusanya matrekta ya kale: ninunue moja lililokufa, nilifungue lote, nilifufue, nilirudishie rangi ya kiwandani, halafu nianze kutafuta jingine. Si la kulimia. Mama Upendo ameshauliza litalima wapi, nikamjibu ni la kutazama. Hakucheka.

Yako matatu mezani. Kuna Massey Ferguson 35 limelala nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Ismani. Boneti ipo, mipira imekwisha, injini imeganda, na bei yake ni ya chuma chakavu. La pili, mpwa wangu aliyeko ng'ambo anapakia kontena la mitumba na anasema atapata nafasi ya trekta dogo la bustani la miaka ya 1960, ama Cub Cadet ama John Deere 110. La tatu ni pawatila ya Kichina (katrekta ka magurudumu mawili ka kuongozwa kwa mikono) iliyoko Mbarali, mwenyewe kaiweka pembeni baada ya kununua trekta kubwa.

Banda langu linaingia pikapu moja na meza ya kazi, basi. Nilinganishieni spea, uzito na raha yenyewe. Bei nitapambana nayo mwenyewe.

Fundi Chuma, Mwanjelwa

Mkuu, kabla hujatoa hata shilingi, rudi Ismani ukahesabu mabomba yanayoingia kwenye nozeli. Watu husema "Massey 35" kana kwamba ni trekta moja. Lilipotoka 1956 liliitwa Ferguson 35, bodi ya kijivu na injini ya rangi ya dhahabu. Wekundu na jina la Massey vilikuja baadaye. Dizeli za mwanzo zina injini ya Standard 23C yenye silinda 4. Mwaka 1959 wakaanza kuweka Perkins ya silinda 3, na hapo ndipo trekta likawa trekta.

Ukikuta mabomba manne, ujue hiyo 23C ilikuwa mbishi kuwaka kwenye baridi hata ikiwa mpya, plagi za kupasha moto zikiwa nzima. Mafinga mwezi wa Juni utaichukia. Spea zake utaagiza Uingereza. Ukikuta matatu, umeokota dodo: familia hiyo ya injini, 3.152, iliendelea kwenye Massey 135 kuanzia 1964, ikaja kwenye 240, na Massey za India na Pakistan zimeitumia miaka na miaka. Pistoni, ringi, sleevu na gasketi zipo madukani hapa Mbeya, na za kuchagua. Mafundi wa CAV, pampu yake ya dizeli, wapo pia. Usipoona nozeli kabisa, ukaona plagi na kabureta, basi ni la petroli na hiyo ni habari nyingine.

Mipira ya mbele angalia kama ni 6.00-16. Hiyo ni saizi ya Land Rover za zamani, haisumbui.

Dada Spana, Iringa mjini

Shikamoo Baba Upendo. Fundi Chuma kasema kweli, ila kaacha jambo moja ambalo mafundi wa matrekta makubwa huwa hawalisemi kwa sababu wao wana presi, winchi na vijana watatu. Massey 35 halina fremu. Injini, gia boksi na difu vimefungwa kimoja nyuma ya kingine, hivyo vyenyewe ndio mgongo. Ukitaka kubadilisha klachi tu, trekta unalikata vipande viwili na kulisukuma nusu moja mbele. Ni chuma cha tani moja na nusu hivi. Kwenye banda la pikapu moja, ukishalikata, mlango haufungi.

Mimi natengeneza jenereta na mashine za kukatia nyasi, na hako katrekta ka bustani nakajua kwa mikono. Cub Cadet ni kazi ya International Harvester, ilianza 1961. John Deere wakajibu na 110 mwaka 1963. Zote hazifiki kilo 400, na zina fremu, kwa hiyo injini unaifungua boliti zake na watu wawili wanaishusha. Injini zenyewe ni Kohler za mfululizo wa K, silinda moja, bloku ya chuma cha kumimina. Silinda ikilika, mkerezaji anaichonga saizi ya juu unatia pistoni kubwa, mchezo ule ule wa injini za magari. Pointi na kondensa, vya kutoa cheche ya plagi, viko nje ya bloku, unavirekebisha umekaa kwenye kigoda, na koili ni ya volti 12.

Kitu kingine, kabureta za Kohler hizo zina skrubu ya kurekebisha jeti kuu. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, na kabureta iliyopangwa pwani itamwaga petroli nyingi ikifika Mafinga, plagi inajaa masizi meusi. Hapo unazungusha skrubu kidogo, kazi imeisha. Mashine nyingi za kisasa hazikupi ruhusa hiyo.

Kati ya hizo mbili ningechukua Cub Cadet, lakini si ile ya kwanza kabisa. Ile ya 1961 ilipeleka nguvu kwa belti. Modeli 70 na 100 za 1963 zina shafti kutoka injini hadi gia boksi. John Deere 110 inabadilisha mwendo kwa puli zinazopanuka na kubana belti. Ni tamu kuendesha, ila belti zake na hizo puli zikichakaa utaniambia.

Mzee Tela, Rujewa

Marahaba nyote mnaoamkia. Pawatila mmeipita kama haipo.

Zile za Kichina zilizojaa Mbarali tangu enzi za Kilimo Kwanza nyingi zina injini ya S195. Jina lenyewe linakusomea: silinda 1, kipenyo milimita 95. Nguvu ya farasi 12, inapozwa kwa maji yanayochemka na kutoka mvuke, hakuna rejeta ya kuvuja. Spea zinauzwa hapa Rujewa karibu na kwenye mchele. Kijana akitaka kujifunza dizeli, hakuna shule rahisi kuliko hiyo.

Ila kwa ulichosema, Baba Upendo, kuikusanya pawatila leo ni mapema. Bado iko kazini. Utaifufua vizuri, jirani atakuja kuiazima msimu wa kwanza, na kwa ujirani wa huku utampa.

Kamwene61, Njombe

Nimecheka hapo kwa Mzee Tela, ni kweli tupu.

Mimi nataka kuongeza la nne ambalo Baba Upendo hakulitaja, lile la kijivu, Ferguson TE20. Lilitengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000, na ndilo lililoeneza ile haidroliki ya mikono mitatu inayobeba jembe na kulipandisha lenyewe udongo ukiwa mzito. Kila Massey mnalolisifia hapa ni mtoto wake. Herufi za namba yake zinakwambia linakula nini: TE-A20 petroli, TE-D20 mafuta mazito ya jamii ya mafuta ya taa, TE-F20 dizeli. La TE-D20 linawashwa kwa petroli kwanza, likishapata moto unaligeuzia tangi la pili. Ukijaribu kuliwasha moja kwa moja kwa mafuta ya taa asubuhi likiwa baridi, litakugomea.

Ubaya wake ni mipira ya mbele, 4.00-19, nyembamba na haipatikani ovyo. Na umeme wake, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Fundi wa umeme wa magari asiyejua hilo ataunganisha betri kama alivyozoea na kukuunguzia vitu.

Kukuta matrekta ya kale Ismani si ajabu. Ndiko walikokuwa wakulima wakubwa wa mahindi miaka ya 1950 na 1960, na hata Dk. Klerruu, Mkuu wa Mkoa, alipouawa Krismasi ya 1971, ni kwenye shamba la mkulima mmoja wa huko. Nchi hii ina historia ndefu ya matrekta ambayo hatuitunzi. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulileta mpaka vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Leo ukitaka kuona kimoja utakiona wapi? Vimekwenda kwenye tanuru. Ndiyo maana mimi nasema lile la Ismani lichukuliwe hata kama lina mabomba manne. Cub Cadet itatunzwa na Wamarekani wenyewe, wako wengi wanaozipenda. Massey la Ismani lisipochukuliwa na mtu wa Mafinga, litachukuliwa na mwenye mizani ya chuma chakavu.

Dada Spana, Iringa mjini

Kaka Kamwene, hoja ya moyo naiheshimu, lakini anayebeba gia boksi ni mgongo wa mstaafu. Na mtu wa kwanza kukata tamaa ni yule aliyeanza na kubwa.

Mjukuu wa Uyole

Samahani wakubwa, mimi ni msomaji tu. Hilo la Ismani linauzwa na nani hasa? Matrekta mengi ya umri huo yaliwahi kuwa ya ushirika au ya kijiji, yakaishia uani kwa aliyekuwa dereva. Likishawaka na kung'aa rangi, wenyewe wanajitokeza. Baba, andikishianeni mbele ya mtendaji wa kijiji, na namba ya kwenye kibati cha dashibodi iandikwe humo.

Fundi Chuma, Mwanjelwa

Kijana umenena, hilo halinunuliki dukani.

Dada Spana, sijapinga katrekta kako. Ninachouliza ni hiki: gia ikivunjika jino, au mpira wa nyuma wa 23x8.50-12 ukipasuka, Baba Upendo anakwenda wapi? Anamsubiri mpwa na kontena. Gia ya Massey nakupa jioni hiyo hiyo.

Dada Spana, Iringa mjini

Ndiyo maana mpwa apakie mbili, nzima moja na mfu mmoja wa kuchinjwa spea. Zinaingia zote kwenye nafasi ya nusu Massey. Ila Baba, kabla mpwa hajalipa chochote huko, mpe wakala wa forodha picha na namba akupigie hesabu ya bandarini. Usisubiri kontena litie nanga.

Baba Upendo, Mafinga

Wakuu nimerudi kutoka Ismani. Mabomba ni matatu! Kibati kipo, kinasomeka. Mzee ana kadi ya trekta kwa jina lake na karatasi ya mauziano ya miaka hiyo, mtendaji kaziona.

Habari mbaya ni kwamba nilipofungua kifuniko cha mafuta ya haidroliki, yametoka meupe kama maziwa. Na injini haizunguki kabisa. Vijana wa pale wanataka walivute na trekta jingine likiwa kwenye gia ili ligandue.

Fundi Chuma, Mwanjelwa

Wasiliguse! Kulivuta hivyo ndiko kunakopinda konrodi. Ondoa nozeli zote tatu, chungulia kama kuna maji, yanyonye. Changanya dizeli na mafuta ya gia otomatiki nusu kwa nusu, jaza kila silinda, funika kwa kitambaa, kaa nalo wiki mbili ukiongeza yanaposhuka. Kisha weka gia ya juu kabisa na utikise gurudumu la nyuma kwa mkono, mbele na nyuma, taratibu. Likigoma, tunafungua hed na sampo, na sleevu tutazitoa kwa presi. Ni sleevu kavu, zinabadilishwa.

Maji kwenye haidroliki yasikutishe. Pampu yake inakaa ndani humo humo kwenye mafuta, na trekta likikaa nje miaka bila kiti wala kifuniko, mvua inaingilia kwenye fimbo ya gia. Mwaga yote, suuza na dizeli, fungua kifuniko cha juu uangalie kutu kabla hujaanza kuota rangi.

Baba Upendo, Mafinga

Asante fundi. Na kutu ya vitu vidogo? Boliti, mikono ya haidroliki, breketi za taa. Msasa utanimaliza.

Dada Spana, Iringa mjini

Hapo kaa na mimi. Ndoo kubwa ya plastiki, maji, magadi vijiko vichache vya kulia. Chaja ya betri ya volti 12, zile za zamani, kwa sababu za kisasa haziwaki zisipoona betri. Waya hasi unabana kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida usichokihitaji, vyote vimezama na havigusani. Acha usiku kucha. Asubuhi kutu imelegea, unaisugua kwa brashi, unaosha, unakausha na kupaka praima siku hiyo hiyo, maana chuma kikitoka humo kinashika kutu ukikitazama.

Usiweke stenlesi upande wa chanya, maji yanakuwa sumu. Usizamishe kabureta wala kitu chochote cha aluminiamu, magadi yanakila. Na fanya nje, inatoa gesi inayolipuka. Usiwashe sigara karibu.

Kamwene61, Njombe

Kuhusu rangi, nakuomba usikimbilie. Kama chini ya vumbi bado kuna wekundu wa kiwandani na stika za ubavuni zinaonekana, osha, pitisha nta, liache. Rangi mpya utaipaka wakati wowote. Ile ya kwanza ikishakwanguliwa hairudi.

Mjukuu wa Uyole

Hapana, mzee wangu, Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, watu wanasimama kwenye kinachong'aa. Lenye makovu watadhani limekuja kuchota maji.

Kamwene61, Njombe

Waache wadhani. Atakayejua atauliza.

Baba Upendo, Mafinga

Nimeshalipa. Linakuja Jumamosi kwa lori la mbao linalorudi tupu. Mpwa nimemwambia atafute Cub Cadet 100, anitumie bei tu, asinunue kwanza. Mama Upendo hajaambiwa hilo la pili, kwa hiyo anayemfahamu humu anyamaze. Fundi, likifika nianze na kipi?

Fundi Chuma, Mwanjelwa

Magogo manne imara ya kuliegemeza, kabla hata hujashika spana. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kukaa chini yake. Halafu piga picha kila waya na kila bomba lilivyo kabla hujafungua, boliti za kila sehemu kwenye kopo lake. Ukifika kwenye hed niletee nipime kama imepinda, na gasketi usinunue mpaka niione bloku.