Hifadhi moja tu: tulitetee lango au tuifuate vita kambini? (Baldur's Gate 3)

Msafiri_Nakuru aliuliza:

Habari zenu wenzangu. Mimi na binamu yangu, ambaye ninaishi naye hapa Nakuru, tunacheza Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa hadithi na mapigano ya zamu, kwa skrini moja iliyogawanywa mara mbili. Tuliamua kucheza katika hali ya Honour, ambayo ina hifadhi moja tu (yaani mchezo huhifadhiwa mahali pamoja, bila nafasi ya kurudi nyuma), na kikosi kizima kikiangamia safari ya Honour inaishia hapo. Sasa tumefika pale ambapo wakimbizi wenye pembe wamepata kimbilio kwa madruidi, yaani makasisi wa msituni, huku magoblini wakiwawinda kila upande.

Binamu yangu anataka tuingie katika kambi ya magoblini tukawamalize viongozi wao watatu, yaani Gut, Minthara na Dror Ragzlin. Mimi moyo wangu uko kwa wale wakimbizi, na ningependa tusimame nao langoni, ingawa nahofia kwamba wengi watakufa mbele ya macho yetu. Njia ya tatu, ya kujiunga na magoblini, hatuipendi hata kidogo, lakini tungetaka kujua gharama yake kabla ya kuikataa.

Kwa kuwa hatuwezi kujaribu kila njia kisha tukarudi nyuma, naomba mtueleze jinsi mnavyopima uamuzi kama huu, na jinsi mnavyonusurika katika mapigano ambayo maadui wamewazidi kwa idadi. Kikosi chetu kina Shadowheart ambaye ni kasisi, Karlach ambaye ni mpiganaji wa mbele, mchawi wangu na mpiga upinde wa binamu yangu. Sote tuko kiwango cha nne.

Ngao_ya_Kisumu alijibu:

Ndugu, umeuliza maswali mawili, lakini mimi nayaona kama swali moja, kwa sababu uamuzi mnaoufanya mkiwa bado mnazungumza ndio utakaoamua ni nani atakayesimama upande wenu mapigano yakianza.

Chukua hiyo njia ya tatu. Mkiwasaidia magoblini kuwavamia wakimbizi, Karlach atawaacha, na Wyll pia, mwenzi mwingine wa safari, kwa hiyo mtampoteza mpiganaji wenu wa mbele kabla hamjaufikia hata mwisho wa sehemu ya kwanza. Zaidi ya hapo, yule mhunzi anayeitwa Dammon yumo miongoni mwa wakimbizi. Yeye ndiye anayeutengeneza moyo wa Karlach, ule moyo wa chuma unaowaka kama tanuri, na kazi hiyo huikamilisha katika sehemu ya pili ya mchezo, wakimbizi wakiwa wamesalimika na kufika kwenye nyumba ya wageni ya Last Light. Ni hapo tu ambapo Karlach anaweza kumgusa mtu bila kumuunguza. Anayewaua wakimbizi kwa ajili ya ushindi wa siku moja huifunga hadithi hiyo yote, na mimi siwezi kumshauri mtu yeyote afanye hivyo.

Kuhusu lango, hofu yako ni ya kweli. Vita hivyo huja pale Minthara anapojua mahali wakimbizi walipojificha na kuongoza jeshi lake hadi hapo. Mtakuwa juu ya ukuta, na aliye juu huongezewa 2 katika kila shambulio la mbali huku anayepiga kutoka chini akipunguziwa 2. Mnaweza pia kupanga mapipa ya mafuta mbele ya lango mapema. Lakini wakimbizi hawafuati amri zenu. Wanakwenda wanakotaka, wanasimama mahali pabaya, na anayekufa hapo hutamwona tena Last Light.

Kwa sababu hiyo namuunga mkono binamu yako. Kambini mnaweza kuingia kwa maneno, bila kuchomoa silaha, na viongozi wale watatu hawakai pamoja. Gut ndiye rahisi kumtenga: ukimweleza habari za kiluwiluwi kilichomo kichwani mwa mhusika wako, kile kimelea cha hadithi hii, atakualika chumbani kwake mbali na wafuasi wake, nanyi mnaweza kuyamalizia huko. Angalieni sana ngoma za vita, kwa sababu goblini mmoja akizifikia na kuzipiga, wenzake wote wataitika. Mfungueni pia Halsin, druidi aliyefungwa humo akiwa katika umbo la dubu, kwa kuwa atakubali kupigana pamoja nanyi.

Mapigano yenyewe yakianza, kanuni ninayoiweka mbele ya zote ni kwamba adui aliyebakiwa na nukta moja ya uhai hupiga kwa nguvu ileile ya adui mzima. Ndiyo maana ni makosa kila mmoja wenu kumjeruhi adui wake. Wote wanne mpigeni mmoja mpaka aanguke, kisha mwende kwa mwingine, maana kila anayeanguka ni zamu moja iliyoondolewa upande wao. Anayecheza ajua, yaani bao, huku kwetu huhesabu mbegu kabla ya kugusa shimo, nanyi vivyo hivyo tazameni mpangilio wa zamu juu ya skrini kabla ya kuchagua wa kupigwa kwanza.

Shadowheart aanze na uchawi wa Bless, unaowapa watu watatu nyongeza ya dadu ya pande nne katika mashambulio na katika kujikinga, kisha akae nyuma. Uchawi huo hudumu maadamu umakini wake haujavunjika, na kila akiumia lazima arushe dadu na kufikisha angalau 10, au nusu ya madhara aliyoyapata ikiwa nusu hiyo inazidi 10. Mwenzenu akianguka, msimponye kwa tendo kuu la zamu. Uchawi wa Healing Word hutumia tendo la ziada la zamu na hufika mita 18, na hata chupa ya dawa ikirushwa karibu naye humwamsha.

Dadu_ya_Kakamega alijibu:

Mimi na wenzangu huku Kakamega hucheza Dungeons & Dragons mezani, kwa karatasi na penseli, mchezo ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 na ambao kanuni zake ndizo msingi wa huo mnaoucheza. Mezani hakuna hifadhi kabisa, kwa hiyo Honour kwetu ni hali ya kawaida.

Ndugu wa Kisumu amesema vizuri, ila ameruka kukimbia. Kabla ya pambano lolote kubwa sisi hukubaliana kwa sauti ni jambo gani likitokea tutaondoka, kwa mfano wawili wakianguka, au kasisi akiishiwa na uchawi. Makubaliano hayo yafanyike mapema, kwa maana katikati ya vita kila mtu huona kwamba shambulio moja zaidi litatosha, na ndivyo vikosi vinavyokwisha. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Katika Baldur's Gate 3 mmoja wenu akifaulu kujitenga na maadui na kurudi kambini kwenu, Withers, mhusika anayekaa kambini, atawafufua waliokufa kwa dhahabu 200 kila mmoja. Basi mchagueni mapema huyo wa kukimbia, naye awe mpiga upinde, kwa kuwa tayari yuko mbali, na asiisogelee mapigano hata akitamani.

Kuhusu uamuzi wenyewe, msitafute njia isiyo na hasara. Mimi nawaheshimu wachezaji wanaosema waziwazi, "Hiki tuko tayari kukipoteza, na hiki hapana," kisha wakabaki na neno lao dadu zikiwageuka.

Mlinzi_wa_Milimani alijibu:

Niko Nakuru pia. Msimu huu wa mvua stima hupotea bila taarifa, na kwa hifadhi moja sichezi kompyuta ikiwa haina betri ya akiba. Jambo la pili ni chakula: katika hali ya Honour kulala kikamilifu hugharimu vifaa vya chakula 80 badala ya 40, kwa hiyo okoteni kila kitu cha kuliwa mnachokipata njiani.

Msafiri_Nakuru aliongeza:

Asanteni sana, ndugu zangu. Tumekubaliana kwenda kambini: tuanze na Gut, tumfungue Halsin, na tuondoke wawili wakianguka. Karlach hatuko tayari kumpoteza. Je, tulale kwanza ili uchawi urudi, au kuna kitu kitakachoharibika tukilala?

Ngao_ya_Kisumu alijibu:

Laleni bila wasiwasi, isipokuwa mkiwa mmekwisha kuifikia ile nyumba ya wageni inayoungua ya Waukeen's Rest. Hiyo mkishaikuta inawaka, waokoeni waliomo kwanza, kwa kuwa mkilala kabla ya kuwatoa hamtawakuta hai.