Naomba ushauri: mpinzani akiuliza ubora wa askari wangu lazima nimwambie?

JeshiLaKaratasi:
Wazee shikamooni, wengine habari zenu. Hapa Kampala tuko watu kama sita tunacheza vita vya kale mezani, wengine wana askari wa chuma, wengine kama mimi tunakata karatasi na kugundisha kwa kadibodi. Jumamosi tulikuwa na kashindano ketu ka L'Art de la Guerre (sheria za vita vya kale mezani), pointi 200 za kununulia jeshi kila mtu, mimi Roma na jamaa Carthage. Kabla ya kuanza akaniuliza, hao lejionari (askari wa miguu wa Roma) wa katikati ni wa kawaida ama ni bora? Nikamwambia "utawajua mkikutana", maana listi ya jeshi langu ilikuwa mfukoni na niliona hiyo ni siri yangu. Akadhani ni wa kawaida akawatuma ndovu wake palepale, wakaishia hapo. Banange, alikasirika mpaka akaondoka bila kuaga na rolex (chapati ya mayai) tuliyowekeana dau hajalipa mpaka leo. Nimekosea ama ni uchungu wa kushindwa tu?

MzeeWaBombo:
Marahaba kijana. Umemkosea. Jenerali wa zamani alikuwa na wapelelezi, alikuwa na mateka wa kuhoji, anaangalia wale jamaa wanavyosimama anajua hawa wamezeeka vitani. Huyo rafiki yako atajuaje na karatasi zako zote zina sura moja? Njia yake ni kukuuliza tu.

DaduMbili:
Mimi napinga mzee wangu. Kwenye vita vya Trebia mwaka 218 KK Hannibal, jenerali wa Carthage, alimficha mdogo wake Mago na watu kama 2000 kwenye kijito chenye vichaka, nani alimpelekea Mroma listi? Vita ni ujanja bana

DadaWaJinja:
@DaduMbili hapo unachanganya mambo kaka. Mago alikuwa amejificha, haonekani, na hiyo sheria zinaruhusu kabisa, walio kwenye maficho na wale unaowazungusha nje ya meza waje kwa ubavu unawaandika kwenye karatasi kabla ya mchezo na hakuna wa kukuuliza. Lakini hao lejionari walikuwa wamesimama katikati ya meza wanatazamana na ndovu!! Halafu mnaogopa nini? Vita vya Cannae 216 KK, huyo huyo Hannibal na Warumi, vilikuwa uwanja wazi, Warumi wanawaona adui wote na bado walizungukwa wakamalizwa. Mimi huwa namwonyesha mtu listi yangu yote ila walio maficho, na bado nampiga.

DaduMbili:
sawa dada, ila mimi bado sisemi mpaka niulizwe

RefaMstaafu:
Mimi namlaumu aliyeandaa. Ilitakiwa mseme kabla, listi ni wazi ama imefungwa. Kwenye DBA (sheria nyingine za mchezo huu) hamuwezi hata kugombana sana, jeshi zima ni vipande 12 na vyote mnaviona, lakini huku kwenye pointi kuna ubora, kuna ukali wa makamanda, na kuna idadi ya vikosi ambayo ndiyo inaamua jeshi linavunjika lini, sasa mtu asipojua hiyo idadi anacheza kama kipofu. Kijana, bahati yako hukudanganya, ulikataa kujibu tu. Ungesema "ni wa kawaida" na mimi ndiye refa, game ningempa yeye. Fanya hivi, bandika kaalama kadogo nyuma ya kila kadibodi ya askari bora, akiuliza unageuza anaona, mnaendelea. Na wewe pia muulize juu ya ndovu zake kabla hujapanga jeshi.

JeshiLaKaratasi:
Asanteni sana, nimeelewa, DadaWaJinja umeninyamazisha kabisa. Nimempigia jamaa simu leo asubuhi, kwanza hakushika, halafu akashika. Jumamosi tunarudia game, yeye Carthage tena, na listi zote mbili mezani. Rolex nimemsamehe ila amesema ataleta, ya mayai mawili. Sasa niambieni, listi ikiwa wazi hao ndovu nawafanyaje, maana safari hii hatawaleta katikati

MzeeWaBombo:
Fungua uzi mwingine 😂