Karafuu Mtambwe, Pemba: kuanika na zaka

Swali: Asalamu alaikum. Karafuu za kijijini zinatoka zimepauka na kukunjamana. Kosa liko wapi? Na zina zaka?

Jibu: Waalaikumu salamu ndugu yangu. Hizo zimelala mbichi ndani ya gunia, zikapata moto, zikachacha. Chambueni jioni ile ile, makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) kando, kisha zitandazwe nyembamba. Asubuhi ziende juani juu ya majamvi, zigeuzwe kila mara; jua likiwa kali, siku 4 au 5. Wingu likitanda, zifunikwe turubai mapema. Iliyokauka huvunjika ta! Ikipinda, bado. Kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu.

Jibu: Na chumeni kabla ua halijafunguka. Lami ya barabarani msianikie kabisa. Makonyo yanauzwa pia, hukamuliwa mafuta.

Jibu: Kuhusu zaka: kwa madhehebu ya Shafii, zaka ya mazao ni ya chakula kikuu cha kuweka akiba, mfano mpunga (wa mvua asilimia 10, wa kumwagilia kwa gharama asilimia 5). Karafuu haimo. Lakini fedha yake ikifika nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachopasa zaka) na kutimiza mwaka, toa asilimia 2.5.