Naanza baiskeli ya milimani, siku ya kwanza tu nimerushwa juu ya usukani. Nianzie wapi?

Mwana_Gomz
Habari zenu wakuu. Mimi mgeni kabisa kwenye haya mambo, baiskeli mara ya mwisho nimeendesha nikiwa mdogo kijijini, ile Swala ya mzee, napenyeza mguu chini ya nondo ya juu kwa sababu siti nilikuwa siifikii. Sasa mwezi uliopita nikapata kichaa cha kutaka kuendesha porini, nikanunua mtumba wa gia, tairi za manundu, shokapu mbele, breki za diski zile za waya, laki tatu na nusu, muuzaji akaniambia imeingia kutoka Uholanzi bado ngumu kabisa.

Jumamosi nikatoka Gongo la Mboto alfajiri kukwepa malori nikaenda pande za Pugu. Kupanda nilipanda, pumzi ilikata lakini nilipanda. Shida ikaja kushuka. Kuna njia ya miguu ina mchanga juu halafu kikorongo katikati, mwendo ukanizidi nikaogopa nikasema nibane breki ya nyuma kidogo, mkono wa kushoto, maana hata mtoto anajua ukibana ya mbele mteremkoni unakula mweleka. Nashangaa tairi la nyuma ndo linanyanyuka na mimi huyo nimeruka juu ya usukani kama gunia la mkaa. Kiwiko kimechubuka, simu kioo kwisha. Wife kasema niiuze kabla hajanizika.

Maswali yangu: je hii baiskeli ni mbovu au mimi ndo mbovu? Na mtu anayeanza sifuri anatakiwa ajue nini kwanza, maana ukiuliza mtaani kila mtu anakwambia kanyaga tu utazoea.

Kibosho_Mteremko
Pole sana mkuu, karibu kwenye chama cha waliochubuka. Baiskeli haina kosa hapo, ni mwili wako ulikuwa umekaa wapi. Nakuhakikishia ulikuwa umekaa kwenye siti, mikono umeinyoosha imekakamaa kama unasukuma toroli, na macho yanaangalia tairi la mbele. Kweli si kweli?

Kushuka hukai kwenye siti. Unasimama juu ya pedeli, pedeli zote mbili ziwe usawa mmoja, moja mbele moja nyuma, isiwe moja juu moja chini maana ile ya chini itagonga jiwe. Magoti yakunje, viwiko vitanue, visigino vishushe kidogo, makalio yarudi nyuma kidogo, nasema kidogo, sio unaning'inia nyuma mpaka tairi linakupaka matope. Halafu siti ishushe chini kabla hujaanza mteremko, inchi tatu nne hivi, uone tofauti. Na macho yaende mbele kule unakotaka kwenda, ukiliangalia jiwe utaligonga, hiyo sijui kwa nini ila iko hivyo.

Huku kwetu ukitoka Kibosho kushuka Moshi mjini kuna njia za katikati ya migomba, udongo wake mvua za masika zikinyesha unakuwa sabuni, ukikakamaa tu umeenda. Mimi meno yangu mawili ya mbele ni ya kununua kwa hiyo sikusomei kitabu hapa.

FundiSpoki
Ngojeni kwanza kabla hamjamfundisha kucheza ngoma. Mwana Gomz, unasema ulibana mkono wa KUSHOTO na tairi la NYUMA likanyanyuka. Nenda kwenye hiyo baiskeli sasa hivi, simama pembeni yake, bana breki ya kushoto halafu isukume mbele. Uniambie tairi gani limegoma.

Mwana_Gomz
Fundi. FUNDI. La mbele. Yaani kushoto ndo breki ya mbele?? Mbona nilikuwa nimeshaendesha wiki nzima barabarani sikugundua.

FundiSpoki
Haya. Barabarani hukugundua kwa sababu mjini unabana zote mbili kwa pamoja tena polepole, tambarare haikuadhibu. Baiskeli zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi kama Uholanzi, Ujerumani, Marekani, nyingi sana breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Za Uingereza na Japani mbele iko kulia, na sisi tumezoea hivyo tangu enzi za Raleigh, hata pikipiki zetu mbele ni kulia. Sasa mitumba inaingia imechanganyika, mtu ananunua bila kuuliza, siku ya mteremko ndo anapata jibu. Mimi nimekaa na spana miaka kumi na nane na watu wa kesi yako nimewahudumia wengi tu, mmoja alikuja na baiskeli begani na shati limejaa damu anataka kunipiga mimi niliyeziba pancha.

Kwa kuwa zako ni za waya kazi ni ndogo, unahamisha waya huu uende kule, ule uje huku, kama kava la waya halitoshi unakata jipya. Zingekuwa za mafuta ndo kidogo ingekuwa shughuli. Au zoea hivyo hivyo, ila kama unaendesha na pikipiki pia, badilisha, mkono ukiogopa haukumbuki somo.

Halafu hilo la kwamba ukibana breki ya mbele mteremkoni unakula mweleka, hilo ndo uongo unaoua watu. Breki ya mbele ndo inayosimamisha baiskeli. Ya nyuma ukishuka mlima mkali tairi linaburuza tu, uzito wote umehamia mbele. Unachotakiwa ni kuibana taratibu kwa kidole kimoja, uzito wako ukiwa nyuma na miguu imekaza, na unapunguza mwendo KABLA ya kona au korongo, ukishaingia ndani unaachia. Wewe ulishtuka ukaikamata kama unakamua ng'ombe, tena mwili uko juu ya siti.

Kibosho_Mteremko
Hapo fundi nimevua kofia, mimi hata hilo la mkono halikunijia. Nafanya mazoezi ya kumfundisha mtu kukaa kumbe waya umekaa kombo 😂

Mwana_Gomz
Nimecheka peke yangu kibarazani. Wife nimemuonyesha kasema bado niiuze. Basi fundi nisaidie kitu kingine, nitajuaje kama haina ugonjwa mwingine, maana muuzaji alinipiga sound mpaka nikamwona ndugu.

FundiSpoki
Angalia fremu kwanza, hayo mengine yote yananunulika. Pitisha kidole pale bomba zinapokutana shingoni na pale pedeli zinapopita, ukiona mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, hasa fremu ya alminiamu, usipande nayo mlima. Pili bana breki ya mbele, isukume mbele na nyuma, ukisikia ko ko ko shingoni, beringi imelegea au imeliwa. Tatu shika kila tairi juu ulitikise kulia kushoto, lisicheze. Nne mnyororo, uvute kutoka kwenye gia ya mbele kwa vidole, ukinyanyuka ukaona mwanga chini yake, umeisha, na meno ya gia yakiwa yamechongoka kama ya papa badilisha vyote pamoja maana mnyororo mpya kwenye meno yaliyokwisha utakuwa unaruka kila ukikanyaga kwa nguvu.

Shokapu sasa. Hizi za bei rahisi ndani ni springi tu, inadunda kama godoro la gesti. Ukiikandamiza ikarudi juu kwa kishindo, heri ungekuwa na foku ya kawaida isiyo na shokapu, nyepesi, haina cha kuharibika. Na zile zenye shokapu mbili mbele na nyuma za madukani, mpya, zinang'aa, za bei ya mchele, huo ni mzigo, usimshauri hata adui. Tena bora umenunua mtumba wa kwao kuliko mpya wa hivyo.

Tairi lako ni saizi gani? Kama ni inchi 26 nakupongeza, tyubu utaipata hata Kisarawe.

Kibosho_Mteremko
Hapo kwenye 26 nakataa fundi. 29 inapita juu ya mawe na mizizi kama haiyaoni, mtu anayeanza anahitaji huruma hiyo. Mimi nimetoka 26 kwenda 29 nikajuta miaka niliyopoteza.

FundiSpoki
Siku tairi lako la 29 likichanika Mkuranga utaniambia umepita juu ya nini. Mtu anunue anachoweza kukitengeneza.

Mwana_Gomz
Ni 26 wakuu msigombane.

DadaLukozi
Jamani mmemwambia breki na mnyororo, mbona hakuna aliyeuliza kama ana helmeti? Kaka ulivaa?

Mimi niko Lushoto, milima ya Usambara, naendesha mwaka wa tatu huu na nilianza nikiwa sijui hata gia. Nakwambia nilichojifunza kwa machozi. Gia badilisha kabla ya mlima haujakukamata, ukisubiri mpaka miguu imegoma halafu ndo unabadilisha, mnyororo unalia krrr au unakatika kabisa. Hewa ya tairi usijaze mpaka liwe jiwe kama la bodaboda. Tairi pana ya inchi mbili na kitu yenye tyubu, mtu wa kilo sabini na kitu, anzia kama 30 hivi kwa zile PSI, kile kipimo cha hewa kwenye pampu, nyuma ongeza kidogo, lishike mchanga. Ila usishushe sana nalo, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu itoboke matundu mawili kama umeng'atwa na nyoka. Beba tyubu ya akiba, pampu, viraka na solusheni, na ujifunzie kuziba nyumbani ukiwa umekaa na chai, usijifunzie porini jua linazama.

Kaptura yenye sponji nunua, na samahani kaka zangu ila inavaliwa bila chupi ndani, mshono wa chupi ndo unaokuchuna. Niliambiwa hilo baada ya miezi minne. Miezi minne!

Na kwa akina dada wanaosoma kimyakimya, mimi siendi peke yangu msituni, tunakuwa wawili watatu, naacha ujumbe napita wapi na narudi saa ngapi. Kijijini unasalimia kila mtu, unashuka mwendo ukikuta wazee na watoto njiani, ile njia ni yao ya kwenda shambani sio uwanja wetu wa michezo. Ukisalimia vizuri siku ya pancha utapewa mpaka parachichi.

Mwana_Gomz
Dada helmeti nilivaa ya bodaboda, nilikuwa naoka kichwa humo ndani. Nitatafuta ya baiskeli.

MseeWaKarura
Salamu kutoka Nairobi. Huku wengi wetu tulianzia Karura, msitu uko ndani ya jiji, njia ni pana, makutano yamewekwa namba so hupotei, na baiskeli unaweza kukodi pale pale kabla hujachoma pesa yako. Ukizoea unaenda Hell's Gate kule Naivasha, hiyo ni park unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Shida ni miba ya migunga, mimi mara ya kwanza nilipata pancha nne siku moja, sikuhizi naweka ile dawa ya maji ndani ya tairi inaziba yenyewe. Ushauri wangu wa bure: kodi au omba ya mtu kwanza, na rudia kale kateremko kamoja mara kumi badala ya kwenda kilomita arobaini.

Kibosho_Mteremko
Namuunga mkono jirani. Na usijione masikini na mtumba wako, hao walioanzisha mchezo huu kule California miaka ya 70 walikuwa wanashuka mlima na mibaiskeli mizito ya kizamani, breki ni ile ya kukanyaga kinyume. Kulikuwa na mteremko mmoja breki inachemka mpaka grisi inatoa moshi, wakifika chini wanafungua wanapaka grisi upya, ndo wakauita Repack, mbio walianza 1976. Miaka ishirini baadaye, 1996, mchezo uko Olimpiki Atlanta.

Mwana_Gomz
Mrejesho wakuu. Fundi wa mtaani kahamisha waya kwa elfu tano. Jumapili nikarudi pale pale Pugu, safari hii kule msituni nikalipia getini kama inavyotakiwa, siti chini, kidole kimoja. Kile kikorongo mara ya kwanza nilishuka nikatembea kwa miguu nikakiangalia vizuri. Mara ya pili nikapita, mguu mmoja ulitoka kwenye pedeli. Mara ya tano nikapita macho mbele, na breki ya mbele nikaiachia kabla ya shimo kama fundi alivyosema. Nimepita mara tisa, ya kumi tyubu ikatoboka, matundu mawili yamekaa sambamba, dada Lukozi nilikukumbuka. Nimesukuma mpaka Kajiungeni.

Wife haongelei tena kuuza. Kauliza hiyo kaptura ya sponji inauzwaje, sijajua ni kwa ajili yangu au anataka kuja. DadaLukozi, za kike zinapatikana wapi Dar?

DadaLukozi
Njoo inbox shemeji, na uje na saizi yake sio ya kukisia.